Kikundi Hujua Anachokiogopa Mwezeshaji

Kikao cha asubuhi katika nyumba ya upataji nafuu, wanakokaa waraibu wa dawa za kulevya wanaojaribu kuacha, popote kati ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Mfano huu nimeutunga, ila aliyewahi kukaa katika nyumba hizo hatauona mgeni. Viti vya plastiki vimepangwa duara. Vijana kumi na wawili wamekaa, wengine bado wanavuta kamasi na kujikunyata kwa maumivu ya arosto, mwili ukidai dawa uliyozoea. Zamu inamfikia kijana ambaye hajamaliza hata wiki mbili ndani. Anasema, "Kaka, jana usiku nimeota navuta. Nimeamka mate yamejaa mdomoni. Mpaka sasa hivi nina hamu." Mwezeshaji, naye mraibu mwenye miaka mitatu klini, yaani bila kutumia, anadakia: "Tumshukuru Mungu ilikuwa ndoto tu. Ukijisikia hivyo omba dua, kunywa maji. Haya, nani mwingine ana la kushea?" Anayefuata anashukuru kwa afya njema. Wa tatu anaomba radhi kwa kuchelewa kufagia. Jioni mwezeshaji anaandika kwenye daftari: "Kikao kimekwenda vizuri, washiriki wametulia."

Wiki nzima hakuna anayeitaja hamu tena.

Ukimwita mwezeshaji huyo kwenye semina na kumuuliza kuhusu ndoto za kuvuta, atakujibu sawasawa: ni za kawaida, hasa siku za mwanzo, na mtu apewe nafasi ya kuzisimulia. Mwongozo anaujua. Kilichomponyoka hakimo kwenye mwongozo. Neno "hamu" lilimgusa pale anapoilinda hamu yake mwenyewe kwa miaka mitatu, na ulimi ukakimbilia kufunga mlango kabla akili haijajua kinachoendelea. Vijana wote kumi na wawili waliuona mlango ukifungwa. Yeye peke yake hakuuona.

Naamini kwamba katika kikundi cha tiba, yaliyomo ndani ya mwezeshaji huamua kipi kitasemeka na kipi kitamezwa, tena kwa nguvu kuliko kitabu alichokishika. Naamini pia kwamba hawezi kuyaona akiwa peke yake, hata awe mcha Mungu na mwenye nia njema namna gani. Nyani haoni kundule. Programu inayomfundisha mwezeshaji siku tano, ikampa cheti na kumwacha ajichunge mwenyewe, imeiacha sehemu ngumu ya kazi bila mwenyewe.

Washiriki wanajuaje? Wengi wanaofika kwenye vikundi vyetu wamekulia katika shule ya kuwasoma wenye mamlaka. Mtoto wa baba mlevi hujua kwa mshindo wa miguu uani kama leo kuna kipigo au hakuna. Mama anayeishi na mume mkorofi huijua hali ya hewa kwa namna kikombe kilivyowekwa mezani. Kijana wa maskani hutambua askari kanzu kabla hajafungua mdomo. Ujuzi huo hawauachi getini. Siku za mwanzo watarusha kitu kidogo, utani kuhusu kifo au lawama juu ya chakula, kisha watamtazama mwezeshaji usoni. Uso ukikaza, basi lile jambo kubwa halitatoka, na mwezeshaji ataondoka akiamini kwamba kikundi chake hakina mambo makubwa.

Jambo hili si geni kwa wanaoifanya kazi ya tiba. Mwaka 1910 Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliwaambia wenzake kwamba hakuna mtabibu wa nafsi anayeweza kufika mbali kuliko vizuizi vya ndani mwake vinavyomruhusu. Kwake hisia za mtabibu kwa mgonjwa zilikuwa kikwazo cha kuondolewa. Miaka 40 baadaye, mwaka 1950, Paula Heimann, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi London, aliligeuza wazo hilo: kile mtabibu anachokihisi mbele ya mgonjwa ni chombo cha kazi, kinachomwonyesha yale ambayo mgonjwa mwenyewe bado hajaweza kuyasema. Kati ya kauli hizo mbili ndipo anaposimama mwezeshaji yeyote. Hasira inayompanda kikaoni inaweza kuwa yake, inaweza kuwa ya kikundi kilichomtwika bila kusema, na mara nyingi ni zote mbili zimesukwa pamoja. Asiyezijua zake atazitupia kikundi. Asiyejua kwamba kikundi nacho hutwika atajilaumu bure na kuacha kazi.

Aliyelisema hili kuhusu vikundi kwa ukali zaidi ni Wilfred Bion, daktari wa akili Mwingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika hospitali ya kijeshi ya Northfield, Birmingham, kwa askari waliovunjwa na vita. Jaribio lake la kuwatibu kwa kukitumia kikundi chenyewe lilizimwa na wakubwa baada ya wiki sita hivi. Baada ya vita, London, aliendelea kukaa na vikundi na kutazama anavyovutwa. Aliona kwamba kuna nyakati kiongozi anajikuta anacheza nafasi aliyopangiwa na wengine: mwokozi ambaye wote wanamsubiri, au jemadari wa kupambana na adui ambaye hata hajulikani. Na akiwa ndani ya nafasi hiyo, haoni kama ni mchezo. Anaona ndiyo hali halisi.

Bion mwenyewe alikuwa nani? Kijana aliyeongoza kifaru katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa na miaka 20, akapewa nishani, na baadaye akaandika kwamba yeye alikwishakufa tarehe 8 Agosti 1918 huko Amiens. Alikaa na askari akiwa askari. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba lile jeraha ndilo lililompa jicho, wala kwamba halikumziba jicho mahali pengine. Ninachokiona ni kwamba aliutumia muda mrefu wa maisha yake kuchunguza kinachompata yeye akiwa kikaoni. Kuwa na kovu peke yake kusingemfikisha huko.

Wamarekani nao walijaribu kulipima. Mwaka 1973 Morton Lieberman, Irvin Yalom na Matthew Miles walichapisha matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu vikundi 18 vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, washiriki zaidi ya 200. Viongozi walitoka katika shule mbalimbali za tiba, kila mmoja na jina kubwa la mbinu yake. Jina la mbinu halikueleza sana nini kiongozi angefanya kikaoni: wawili wa shule moja waliweza kufanana na wa shule nyingine kuliko wao kwa wao. Na walioumia, yaani waliotoka wakiwa na hali mbaya ya akili iliyodumu kwa miezi, walitokea zaidi kwa viongozi wa aina fulani: wenye mvuto, wakali, wanaosukuma watu wajifunue na kulia, ambao kila jambo kikaoni huanzia kwao na kurudi kwao. Kuna jambo jingine katika utafiti ule ambalo ningependa libandikwe ukutani kwenye kila ofisi ya ustawi wa jamii. Walipoulizwa nani ameumia, viongozi hawakuwa wajuzi. Washiriki wenzake huyo aliyeumia ndio waliokuwa wanajua.

Ukanda wetu umechagua njia yake, na ninaiunga mkono: kuwatumia watu wa mahali pale pale. Wanasaikolojia ni wachache, kwa hiyo vikundi huongozwa na majirani. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda, maeneo yaliyokuwa yamechakazwa na UKIMWI. Wenye sonona walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, wakiongozwa na wenyeji wasio matabibu waliofundishwa kwa wiki mbili. Sonona ilipungua sana kuliko katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa tiba ya namna hiyo hiyo ili itumike popote.

Lakini fikiria mwenyeji huyo ni nani. Tiba ile inashughulika na mambo manne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Katika eneo ambalo kila kaya imezika, mwezeshaji naye amezika. Mwanamke aliyempoteza mumewe mwaka jana anakaa na wajane saba. Mmoja akianza kusimulia alivyomuuguza marehemu, mwezeshaji ana njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kuharakisha: "Pole sana mama, Mungu ametoa, Mungu ametwaa, sasa tuangalie mbele." Ya pili ni kung'ang'ania: kumuuliza zaidi na zaidi kuhusu siku ya mwisho, dawa, pumzi, kwa sababu ni siku yake mwenyewe anayoirudia. Kwa anayetazama kutoka nje, ya kwanza itaonekana ni faraja na ya pili itaonekana ni umakini. Mjane anayesimulia ndiye atakayehisi kwamba mwezeshaji hayupo naye.

Rwanda jambo hili limewekwa juu ya moto mkali zaidi. Mwaka 2005, mwaka ambao mahakama za Gacaca, za wanajamii kuhukumu kesi za mauaji ya kimbari, zilienea nchi nzima, ilianza Byumba kazi ya vikundi iitwayo Mvura Nkuvure, yaani "niponye nami nikuponye". Watu kumi hadi kumi na watano hukutana kwa wiki 15, saa tatu kila wiki: manusura wa mauaji ya kimbari, wake wa wafungwa, waliotoka jela, waliorudi kutoka ukimbizini. Wawezeshaji ni wawili, nao ni watu wa jamii hiyo hiyo. Hatua zimepangwa: usalama kwanza, kisha kuaminiana, kujaliana, heshima, mwelekeo mpya, na mwisho kabisa ndipo kumbukumbu.

Nauheshimu mpangilio huo kwa sababu unamfunga breki mwezeshaji kuliko unavyomfunga mshiriki. Ukimwacha mtu mwenye kiu ya kuona watu wakipatana, ataanza na kumbukumbu siku ya pili na msamaha siku ya tatu. Chukua mwezeshaji ambaye ni mzee wa kanisa, ambaye miaka kadhaa nyuma alimsamehe jirani aliyeshiriki kumuulia ndugu, na msamaha ule ulimgharimu. Mbele yake amekaa mama asiyesamehe, na anasema wazi kwamba hana mpango huo. Mzee akiwa hajajitazama, mama huyu atamwudhi bila yeye kujua kwa nini, kwa sababu kila akifungua mdomo anamfufulia swali alilolizika: je, mimi nilisamehe kweli, au nilichoka tu? Ndipo yatatoka mawaidha, na mama atakuja vikao viwili vilivyobaki kwa sababu ya chai.

Hiyo ndiyo shaka yangu kuhusu kauli inayopendwa siku hizi, kwamba aliyepitia ndiye anayeweza. Aliyepitia ana kitu ambacho mwenye shahada hana: anaaminika haraka, na haduwai akisikia mambo mazito. Ila anayo pia njia yake ya kupona, na njia hiyo ndiyo iliyomwokoa, kwa hiyo ni vigumu sana kwake kukubali kwamba mwingine atapita pengine. Aliyeacha unga kwa kurudi msikitini atamwona asiyeswali kama mtu anayechezea maisha yake. Aliyepona kwa kulia atawasubiri wengine walie.

Na machozi yana soko. Ripoti zinataka hadithi za mafanikio, picha, na nukuu ya mama aliyeuvua mzigo. Mwezeshaji anajua, hata bila kuambiwa, kwamba kikao kilichoisha kwa vilio na kukumbatiana kitaandikika vizuri kuliko kikao ambacho watu walikaa kimya dakika ishirini, wakazungumzia bei ya mkaa, wakaondoka. Pengine kile cha mkaa ndicho kilichofanya kazi, kwa sababu watu walijifunza kwamba hapa hawakamuliwi. Lakini nani ataandika hivyo kwenye kisanduku cha "matokeo"? Tukisema nafsi ya mwezeshaji inaathiri kikundi, tukumbuke kwamba nafsi hiyo ina kodi ya nyumba ya kulipa na mkataba unaokwisha Desemba.

Kuna wasomaji watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, kwamba makungwi na masomo wetu wa unyago wameongoza vikundi karne na karne bila kuchunguza mioyo yao. Sikubaliani, ingawa hoja ina uzito. Unyago unabeba maneno na nyimbo zilizopangwa, na mamlaka ya kungwi yanatokana na umri na kukubalika kwake. Mwali hatakiwi kuleta jeraha lake lijadiliwe, bali anapokea yale yaliyokwisha andaliwa. Nafsi ya kungwi imezungukwa na utaratibu mzito kuliko yeye. Kikundi cha tiba kinafanya kinyume: kinamwambia mtu alete chochote alicho nacho, na kumwacha mwezeshaji bila wimbo wa kukimbilia.

Wapo waliolikwepa tatizo kwa akili nyingi. Alcoholics Anonymous, vikundi vya waraibu wa pombe wanaosaidiana wenyewe, iliyoanza Akron, Ohio, mwaka 1935, na Narcotics Anonymous ya waraibu wa dawa za kulevya iliyoifuata mwaka 1953, hazina mtabibu kikaoni. Uenyekiti unazunguka, na mapokeo yao yanasema viongozi ni watumishi tu, hawatawali. Mwenyekiti wa leo akiwa na kasoro zake, kesho anakalia kiti mwingine. Nyumba zetu za upataji nafuu zimechukua hatua 12 na lugha ya kushea, lakini mwezeshaji wake ndiye pia anayeshika funguo za geti, anayesema nani apigiwe simu na mama yake, nani atoke Ijumaa. Hapo hofu au upendeleo wake hauishii kwenye mazungumzo. Unageuka kuwa ruhusa na adhabu.

Dawa inayotajwa vitabuni ni usimamizi wa kitaalamu: mwezeshaji awe na mtu wa kumweleza kinachompata kikaoni. Kwa maandishi karibu kila programu inayo. Kwa vitendo, katika ofisi nyingi zetu, msimamizi ni yule yule anayesaini posho na kupendekeza nani aongezewe mkataba. Anakuja mara moja kwa robo mwaka na gari, anakagua mahudhurio, anauliza changamoto. Mwezeshaji gani mwenye akili zake atamwambia mtu huyo, "Bosi, yule dada wa pembeni nashindwa kumvumilia, ananikumbusha mke wangu wa kwanza"? Atasema changamoto ni usafiri na kalamu za rangi. Na ni kweli, usafiri ni changamoto. Lakini kikao cha jana kimebaki tumboni mwake.

Kumtenganisha msimamizi wa kazi na mlezi wa mwezeshaji ndilo badiliko moja ningelipigania kuliko semina kumi. Mlezi huyo asiandike ripoti ya utendaji. Maswali yake yawe ya karibu: nani alikuchosha leo, nani ulitamani asije, wapi ulibadilisha mada, nani hukumtazama kabisa. Swali la mwisho lina maana kubwa, kwa kuwa mwezeshaji huwakumbuka wanaompenda na wanaompinga, na mtu anayezama kimyakimya huwa katikati. Ndiyo maana wawezeshaji wawili ni bora kuliko mmoja, mradi wakae pamoja baada ya kikao kabla hawajapanda daladala. Mmoja akisema, "Mbona ulimkata yule kijana?", mwingine ajue hilo ni sehemu ya kazi, hajatukanwa.

Katika mafunzo ya tiba ya vikundi yaliyotokana na S. H. Foulkes, aliyefanya kazi pale Northfield baada ya Bion kuondoka, mwanafunzi hulazimika kwanza kukaa miaka kama mshiriki katika kikundi. Sisi hatuna miaka hiyo, wala fedha zake. Lakini hata vikao vichache vya kuwa mshiriki, bila cheo na bila daftari, vingemwonyesha mtu yale ambayo mafunzo ya siku tano hayagusi: jinsi moyo unavyodunda zamu inapokaribia, na jinsi mtu anavyokatika mtu mwingine akimjibu kwa haraka.

Hapa kuna mtego, na nimeona watu wenye nia njema wakitumbukia. Wakisikia "jitambue", wanageuza kikao kuwa jukwaa lao. Kila mshiriki akisema jambo, mwezeshaji ana kisa chake kinachofanana, kirefu zaidi na chenye mwisho mzuri. Nyumba za upataji nafuu zina ugonjwa huu kwa sababu ushuhuda unaheshimiwa sana. Mwezeshaji anaweza kujua kabisa kwamba hamu imemgusa, akameza mate, akasema tu, "Hebu tuambie zaidi kuhusu hiyo ndoto," na kile kilichomgusa akampelekea mlezi wake jioni.

Misaada ya Marekani ilipositishwa mwaka 2025, programu nyingi za afya za ukanda huu zilibaki zikihesabu nini kikatwe. Vikundi vitaendelea kuhesabika, kwa sababu vinaonekana. Malezi ya mwezeshaji hayaonekani, kwa hiyo sitashangaa yakiwa ya kwanza kuondoka. Wilayani hakuna wa kuyadai: mwanasaikolojia akiwepo ni mmoja, naye ana foleni. Kinachowezekana bila yeye ni wawezeshaji wa nyumba na vikundi vya mji mmoja kukutana wenyewe mara moja kwa mwezi, uenyekiti ukizunguka, kila mmoja alete kikao kimoja kilichomkaa rohoni, bila kutaja majina ya washiriki. Hilo halihitaji andiko la mradi. Linahitaji nauli, na mkuu wa nyumba akubali kumwachia mwezeshaji wake nusu siku, na akirudi asimuulize walizungumza nini.